Unga wa Simenti

Mama Emérance alifika mchana, karai la unga kichwani, na wale vijana waliokaa barabarani na mawe wakamwacha apite. Walimfahamu. Alikuwa Musanga, mwenyeji wa hapa Likasi, mjane mwenye mikono minene, na zaidi ya mmoja kati yao alikuwa amewahi kula nyumbani kwake. Hata hivyo mmoja akamrushia neno.

"Mama, unaenda kulisha bilulu?"

Bilulu ni wadudu. Siku hizo ndivyo watu wa Kasai walivyoitwa mjini.

"Ninaenda kulisha bantu," Mama Emérance alijibu bila kugeuza shingo. "Weye, mama yako alikulisha nini, hata ukakuwa vile?"

Wenzake wakamcheka. Casimir, aliyekuwa nyuma ya lango la mabati akisikia yote, hakucheka. Alivuta komeo, akamwingiza mama haraka, akafunga tena, kisha akaegemeza mgongo langoni. Tangu nyumba yake ichomwe, aliogopa kila lango lilipofunguliwa, hata akijua ni nani anayeingia.

Uwanja ule ulikuwa wa parokia, na jengo lililokuwa ndani yake lilikuwa kazi ya Casimir. Yeye ndiye aliyekuwa kapita wa shantie ile ya ujenzi, msimamizi wa mafundi wote. Jengo lilipaswa kuwa shule. Kuta zilikuwa zimekwisha, lakini mabati ya paa hayakufika, na vyumba vyote vilikuwa wazi. Ukikaa ndani unaona mawingu. Sehemu moja tu ilikuwa imefunikwa, nayo ni baraza la mbele. Juu yake palikuwa na dala, yaani dari nzito ya zege, upande mmoja limelala juu ya ukuta wa madarasa, upande wa pili juu ya nguzo za pembeni. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na mbili, mvua zimeanza. Familia zilizokimbilia kwa padri zikingojea treni ya kwenda Kasai hazikutaka vyumba visivyo na paa. Zilibanana barazani: akina mama, watoto, wazee, magodoro, cherehani moja, kuku waliofungwa miguu.

Baba yake Casimir aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana ili afanye kazi ya shaba. Casimir mwenyewe alizaliwa Likasi, akabatizwa Likasi, akaoa Likasi. Kasai hakuwahi kuiona. Sasa walimwambia arudi kwao.

Mke wake, Clémentine, alikaa kona ya ndani kabisa ya baraza, mgongo ukutani, binti yao mdogo Plamedie mapajani. Siku nyumba yao ilipochomwa walipita uwanjani kwao wenyewe mchana kweupe, jirani wakiwatazama, wengine wakipiga makofi. Tangu hapo Clémentine hakutaka kukaa mahali ambapo anga linaonekana. Hata kuota jua la asubuhi alikataa.

"Hapa iko na kitu juu ya kichwa yetu," alisema siku waliyofika, kisha hakusema tena.

Padri alikuwa amekwenda Lubumbashi kuulizia treni na chakula. Alipoondoka aliwaambia neno moja: msitoke nje ya uwanja.

Mama Emérance alitua karai lake, akafungua kitambaa, akaanza kugawa unga kwa kikombe. Alimpa kwanza Kaku Fidélie, bibi kizee ambaye miguu yake ilikuwa imevimba. Kaku alikuwa ameinua uso juu. Tone la maji lilianguka kutoka dalani likampiga shavuni, na nyuma yake ukafuata mchanga mwembamba mweupe, kama unga uliochekechwa.

"Inavuja," Kaku Fidélie alisema. "Nyumba mupya, inavuja."

"Kaku, usiogope," Mama Emérance akamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, kwa sababu aliona nyuso zilivyokuwa na hofu, akataka kuwapa nguvu. "Hii dala iko na nguvu ya mikono ya banamuke. Shiye njo tulisaga simenti yake! Uliza kapita."

Casimir alikuwa karibu, anafunga kamba ya mzigo. Aligeuka.

"Mama, simenti ya dala haikusagwa," alisema. "Ile ya kusagwa ilienda chini, mu sakafu."

Mama Emérance alicheka, akafunika mdomo kama mtoto aliyeficha zawadi.

"Kapita hakujua! Weye ulikuwa juu, unafunga vyuma. Shiye tulikuwa chini, tunachanganya. Tukaona ile simenti ya muzuri haitafika. Tukasema, tuite kapita? Atahuzunika, atasimamisha kazi. Njo tukaongeza na ile yetu ya kusaga, sawa vile tunaongeza unga ya muhogo mu bukari. Nusu na nusu. Rangi ni moja, hakuna mutu aliona. Na ikatosha, kapita! Hata kidogo ikabakia."

Aliendelea kugawa unga. Casimir alibaki ameshika kamba.

*

Ili mtu aelewe hofu yake, lazima ajue kazi ilivyokuwa kwenye shantie ile.

Simenti ilikuwa imekuwa adimu. Viwanda vilikuwa vinakufa kimoja kimoja, mabehewa hayaji, na mfuko ulioupata leo hukujua utaupata lini tena. Casimir alikuwa ameona majengo mengine ambako theluthi ya vifaa iliishia kwenye lundo la takataka: matofali yaliyovunjwa kwa kutupwa kutoka garini, zege lililokorogwa jingi kuliko kazi, mbao zilizokatwa ovyo, misumari iliyofunikwa na matope. Aliumia moyoni. Padri alipowahubiria jinsi Bwana, baada ya kuwashibisha watu jangwani, alivyowaagiza wanafunzi wakusanye makombo, Casimir alitoka kanisani akachukua rangi, akaandika juu ya mlango wa stoo: HAPA HATUTUPI KITU.

Na kweli hawakutupa. Misumari iliyopinda ilinyooshwa juu ya jiwe. Matofali yaliyovunjika yalipangwa nyuma ya choo, vipande vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo. Mbao zilipimwa kabla ya msumeno kugusa. Udongo uliomwagika chini ya ukuta ulikusanywa kabla haujakauka. Na mifuko ya simenti iliyoloa stooni ikawa migumu kama mawe, ile ambayo mafundi huiita simenti ya kufa, Casimir hakuikubali itupwe. Aliwaita akina mama wa parokia na vinu vyao vya mahindi. Waliitwanga, wakaichekecha, ikarudi kuwa unga laini wa kijivu. Mbele ya macho ulikuwa simenti.

Lakini haukuwa. Simenti ikishakunywa maji mara moja, imemaliza kazi yake. Uitwange utakavyo, haitashika tena kama mwanzo. Casimir alilijua hilo. Ule unga aliutumia kujaza mashimo ya sakafu, mahali ambapo hakuna kinachoning'inia juu ya mtu. Simenti nzima aliiweka kwa ajili ya dala. Aliziweka zote mbili katika stoo moja, ukuta mmoja, na hakumwambia mtu kwa nini moja inakwenda chini na nyingine juu. Aliona inatosha kuamuru.

Akina mama walikuwa wamesikia amri moja tu, ile iliyoandikwa mlangoni. Nao walikuwa wanaijua njaa. Mwanamke wa Likasi wakati ule, unga wa mahindi ukipungua, hakuwaambia watoto wasile. Aliongeza muhogo kwenye bukari, yaani ugali wake.

*

Casimir aliinua macho kidogo kidogo, kana kwamba dala lingeanguka kwa kutazamwa. Hakuona kitu. Zege la chini lilikuwa bado na alama za mbao zake, safi, kazi nzuri. Aliitazama kazi yake akaogopa.

Miti iliyokuwa imeegemeza dala lilipokuwa likikauka aliitoa yeye mwenyewe, kwa wakati wa kawaida. Wakimbizi walipofika, hapakuwa na kuni. Aliwapasulia ile miti. Majivu yake yalikuwa pale, chini ya sufuria.

Alichukua uzi wa ujenzi mfukoni.

"Kapita, unafanya nini?" aliuliza David. Huyu alikuwa karani wa reli kabla hajafukuzwa, na watu walikuwa wamemchagua awe mkubwa wao pale uwanjani.

"Ninaweka kamba ya kuanika nguo," Casimir alisema.

Alifunga uzi kwenye msumari upande wa ukuta, akaupeleka mpaka nguzo ya nje, juu kabisa, ukigusa zege pande zote mbili, akauvuta kwa nguvu. Uzi ulionyooka hausemi uongo. Pembeni uligusa dala. Katikati ulipaswa kugusa vilevile, lakini dala lilikuwa limeusukuma chini uzi ukapinda kama tumbo la mbuzi. Alitoa msumari, akaukandamiza kwenye zege kwa kidole gumba. Uliingia. Hakuutumia hata nyundo.

Mchanga mweupe ulimwangukia machoni. Chini ya mkono wake alikuwa amelala mtoto wa mtu, kinywa wazi.

Bwana, alisema moyoni, usiliache. Shikilia kwa mkono wako mpaka nijue la kufanya.

Mbingu upande wa mtaa wa Shituru zilikuwa zimekuwa nyeusi. Hapo akakumbuka maji. Juu ya dala, mbao za pembeni hazikutolewa bado, na tundu la kutolea maji halikuwa limetobolewa. Mvua ya jana ilikuwa bado imesimama juu kama kwenye beseni, na nyingine inakuja. Alichukua ngazi, akapanda.

Juu alionekana mpaka barabarani. Vijana walishangilia. Sauti moja ilipaa juu ya nyingine, na Casimir aliitambua kabla ya kumwona mwenyewe: Dodo, kijana ambaye Casimir mwenyewe alimfundisha kushika mwiko, aliyekula sahani moja naye.

"Kapita! Kapita yetu!" Dodo alipiga kelele, kisha akarusha jiwe. "Hatutupi kitu! Kusanya, kapita! Isipotee hata moja!"

Wengine walicheka, mawe yakafuata. Moja lilimpiga begani. Casimir alitembea kwa magoti, ndani ya maji, pembeni pembeni juu ya ukuta, hakuthubutu kuweka uzito katikati. Aling'oa ubao mmoja kwa mikono. Maji yakaanza kutoka. Yalipopungua aliona ufa. Ulianza ukutani ukaenda mpaka ukingo wa nje, mwembamba, na maji yaliyobaki yalikuwa yanauingia polepole kama yanayotafuta nyumba yao.

Alishuka ngazi, akamtafuta David.

*

"David, njoo," alisema kwa sauti ya chini, akamvuta nyuma ya nguzo. "Tutoe bantu yote chini ya dala. Sasa hivi, mbele ya mvua. Waende mu vyumba."

"Mu vyumba ambavyo havina paa?"

"Ndiyo."

"Na mawe inaingia mule, na mvua inakuja, na batoto iko na homa." David alimsogelea. Alikuwa mtu mwema, lakini wiki zile zilikuwa zimemla. "Casimir, nani amekutuma?"

"Dala inaanguka."

"Dala mupya? Ulijenga weye mwenyewe." Macho ya David yalibadilika. Yalikwenda kwa Mama Emérance, aliyekuwa ameinama juu ya karai lake. "Ule mama alisema kitu. Alisema banamuke balitia kitu mu simenti. Banamuke ya hapa. Walijua tutakuja kulala hapa?"

"Hapana, David. Hapana!"

"Walijua?"

Casimir alimwona mawazoni David akisema neno hilo kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, barazani pale ambapo watu hawakuwa wamelala vizuri kwa muda mrefu, kila mmoja ana nyumba iliyochomwa au ndugu asiyejulikana alipo. Wangesema wametegewa mtego. Wangesema unga nao una sumu. Mwanamke mmoja wa Kisanga katikati yao, peke yake, lango limefungwa. Hofu ilikuwa imewageuza vijana wa barabarani, na aliona wazi kwamba ingeweza kuwageuza hata hawa.

Akinyamaza, dala lingewaua. Akisema yote, wangemuua mama huyu. Aliomba maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba: Bwana, unipe neno la kweli lisiloua mtu.

Alisimama mbele ya baraza, mvua bado haijafika, upepo umeanza.

"Bantu yangu, munisikilize. Hii dala ni minye nilijenga. Sikutaka kitu kipotee. Simenti ya kufa niliweka pamoja na simenti ya muzima, sikuonya mutu, na ile ya kufa imeingia mule juu. Kosa ni yangu. Dala haina nguvu. Mutoke, muende mu vyumba, polepole, bila kusukumana."

"Nani aliitia?" mtu aliuliza.

"Kapita njo minye. Kila kitu kinaingia mu zege, kapita njo anakiingiza."

Mama Emérance alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Unga ulimwagika kutoka kikombeni na hakuona. Alifungua kinywa. Casimir alimkazia macho, macho makali ambayo hakuwahi kumtazama nayo mama yeyote, na Mama Emérance akafunga kinywa.

Hakuna aliyetoka.

"Anataka tupigwe mawe!" mwanamke mmoja alilia. Mwingine alivuta godoro lake ndani zaidi, karibu na ukuta, mahali pabaya kuliko pote. David alimshika Casimir kola ya shati. "Walikulipa? Sema!" Lakini sauti yake ilikatika, kwa maana tone jingine lilimdondokea mkononi likiwa na mchanga, naye aliutazama mchanga ule.

"Ukitaka kunipiga, unipige kesho," Casimir alisema. "Leo uniletee matofali."

Hakungoja jibu. Alikwenda nyuma ya choo, kwenye marundo yake ya vipande. Alijaza toroli, akarudi, akapiga magoti katikati ya baraza, chini kabisa ya lile tumbo la zege, watu wakisogeza miguu. Alitwaa tope la uwanjani kwa mikono, maana simenti haikuwapo tena ya aina yoyote. Alianza kujenga nguzo. Alitegemea mambo mawili tu: vipande vyake na huruma ya Mungu.

Mama Emérance alikwenda stoo bila kuitwa. Alirudi na vinu vile vilivyotwangiwa simenti, akifuatana na wasichana wawili waliobeba michi. Casimir alielewa. Waligeuza kinu juu chini, wakasimamisha mchi juu yake kwenye kitako, na pale mchi ulipokuwa mfupi wakajazia kipande cha ubao mpaka ukagusa zege. Wakafanya vilevile na kinu cha pili, kando ya nguzo. Michi haikuwa minene. Ilikuwa ni miti migumu tu ya jikoni.

Plamedie aliita, "Papa, unafanya nini?"

"Ninafanya kazi, mama," alimjibu. Alikuwa na desturi ya kumwita binti yake mama.

Clémentine hakuwa amejongea. Alikuwa anatazama mikono ya mume wake. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amempelekea chakula kwenye shantie, akamwona akipanga tofali juu ya tofali huku akizungumza na mtu mwingine, bila kutazama, kama mtu anayechambua mboga. Mikono ile haikuwahi kukosea. Sasa tofali lilikuwa linagongagonga juu ya lenzake, halitulii. Casimir alikuwa anatetemeka. Alijaribu tena, tofali likateleza likaanguka.

Clémentine aliona hilo. Alisimama, akamfunga Plamedie mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo, akatoka barazani. Alipofika ukingoni, mahali ambapo kivuli cha dala kinaisha, alisimama kidogo, macho amefumba. Midomo yake ilikuwa inasema *Salamu Maria*. Kisha akavuka, akaenda chini ya anga lote, jiwe la vijana likitua si mbali na mguu wake, akaliokota, akalileta kwa Casimir.

"Hii inafaa?" aliuliza.

"Inafaa," alisema, akaliingiza kwenye nguzo, mahali palipokuwa na nafasi.

Wote walikuwa wamemwona. Walimjua Clémentine kuwa mwanamke ambaye hakukubali kutoka hata kwa jua la asubuhi. Mama mmoja alisimama na mtoto wake. Halafu mwingine. Halafu wakaanza kutoka wote, magodoro vichwani, kuku wakipiga kelele, wakiingia kwenye vyumba visivyo na paa na kujibana chini ya kuta. David naye akajiunga na kazi. Alikuwa amevua koti, anapitisha vipande vya matofali kwa mkono kwa mstari wa watu, na vipande vilifika kwa Casimir haraka kuliko alivyoweza kuvipanga.

Mvua ilianza nguzo ya kwanza imeshagusa zege, ya pili haijafika juu.

"Kaku!" Clémentine alipiga kelele. "Kaku Fidélie amebakia!"

Bibi alikuwa amekaa pale pale, miguu yake mbele, karai la unga pembeni. "Batoto yangu, muniache," alisema kwa utulivu. "Minye siwezi kukimbia kila siku."

Casimir alisikia mlio juu ya kichwa chake. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayevunja muwa kwa goti. Mchi mmoja ulianza kupinda, ukilia, nyuzi za mti zikifunguka. Yeye na David walimshika bibi kwapani na chini ya magoti, wakamwinua kama mfuko, na Mama Emérance akamshika kichwa. Walitembea. Casimir alihesabu kila hatua kuwa ya mwisho. Maji yaliwapiga usoni. Walikuwa nje.

Mchi ukakatika. Dala likashuka. Lilishuka kwa upande mmoja, kwa kishindo kilichonyamazisha hata barabarani, katikati likavunjika na kulala juu ya nguzo ile ya kwanza ya vipande na tope. Nguzo ilipasuka, ikajikusanya, ikashika. Upande mmoja wa dala ulibaki juu. Upande wa pili, kona ya ndani, mahali ambapo Clémentine alikuwa amekaa na mtoto, zege lilikuwa limegusa sakafu.

Watu walisimama mvuani wamelowa, wakihesabu watoto wao kwa kugusa vichwa. Clémentine alikuwa anaitazama kona ile, na mkono wake ulikuwa nyuma, unampapasa Plamedie mgongoni, unampapasa tena.

"Tuko?" David aliuliza, akizunguka vyumbani. "Tuko yote?"

"Tuko," walimjibu.

Kule barabarani vijana walikuwa wameondoka, kwa sababu ya mvua au kwa sababu ya kishindo. Wangerudi kesho. Treni ilikuwa bado haijulikani. Casimir alipiga magoti kwenye matope kushukuru, paji la uso juu ya mikono yake.

Alipoinua kichwa, alimwona Mama Emérance ameinama ukingoni mwa baraza. Alikuwa ameokota kipande cha dala. Alikibonyeza kati ya vidole, kikamumunyika kama kipande cha bukari kilichokauka. Mvua ilikiosha kiganjani mwake ikabaki rangi ya kijivu tu.

"Kapita," alisema. "Hii ni ile yetu?"

Casimir alikwenda akasimama karibu naye ili wengine wasisikie.

"Ni yangu, mama."

"Mungu wangu. Minye nilitaka..." Machozi hayakuonekana kwa sababu ya mvua. Kwa mazoea ya mikono yake, alikunja kanga mbele, akaanza kuokota vipande vilivyotapakaa kimoja kimoja, kuviweka ndani, kama alivyofundishwa kwenye shantie ile.

Casimir alimshika mkono.

"Mama, hii tuitupe," alisema.

Mama Emérance alisimama na kanga imejaa, akatazama huku na huku uwanjani, nyuma ya stoo, nyuma ya choo, kando ya lango.

"Tutupe wapi?" aliuliza.

Naye Casimir alitazama pia. Mahali pa kutupia hapakuwapo. Hawakuwahi kupatenga.